Mwaka Walioniandika Mke K

Katika kitabu cha Neema mimi ni herufi. Naitwa Mke K. Mama Ghati, mwanamke aliyenioa, naye ni herufi, Mjane B. Matiko, shemeji yake, aliyetupokonya shamba la bondeni, hakupewa hata herufi. Ameandikwa tu kuwa ni ndugu wa kiume wa marehemu, kama mtu mwema aliyekuwa anapita njiani. Mimi niliishia darasa la nne, uandishi wa namna hiyo siujui. Nitaandika majina. Mimi ni Robhi. Nakaa mlimani juu ya Nyamwaga, kwenye mji uleule nilioletwa nikiwa na miaka kumi na sita, na naandika kwenye daftari la mjukuu kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mama Ghati. Siku ya pili ya matanga gari jeupe lilipanda kilima polepole, likasimama penye migomba, akashuka mama mnene mwenye miwani, amekumbatia mfuko wa kitambaa kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Watu wakanong'ona kwamba huyu ni wa serikali. Mimi nilimjua kwa mwendo. Alikuwa anatembea vilevile kama miaka ishirini iliyopita, akiinua miguu juu kama aliyeambiwa kila mahali pana kinyesi cha ng'ombe. "Dada Robhi," akasema. Nilimpa kiti, nikampa uji, nikarudi jikoni kukaa kidogo peke yangu, maana mwaka mzima ulikuwa umeingia nyumbani kwangu kwa mara moja.

Kwa msomaji wa mbali nieleze jambo moja, halafu sitalirudia. Kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mumewe akifa, anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, analetewa binti, na watoto wa binti yule wanakuwa wa mji ule, wanabeba jina la marehemu na kurithi zizi na shamba. Tunaiita nyumba ntobhu. Mama Ghati alikuwa na binti mmoja tu, Ghati, aliyeolewa Kenyamonta, na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya Ghati ndio waliokwenda kwetu kunioa mimi. Mwanaume wa kuja kwangu alichaguliwa na Mama Ghati mwenyewe, mzee mpole wa ukoo wa marehemu, Wambura, aliyekuwa anakohoa nje kabla ya kuingia. Baba wa mtoto haulizwi. Ukiuliza unajibiwa, mtoto ni wa ng'ombe. Mwanangu Mwita, aliyekuwa na miaka saba mwaka ule, alikuwa wa ng'ombe wa Mama Ghati, na kwa sababu yake Matiko alikuwa ameacha kuja kulipima shamba letu la bondeni kwa hatua za miguu.

Neema aliletwa mwezi wa saba, mahindi yakiwa yameanikwa uani. Aliyemleta ni mtendaji wa kijiji wa siku zile, Nyaisa, ameshika barua ya utambulisho kwa vidole viwili asiichafue. Neema alikuwa msichana mwembamba wa miaka ishirini na miwili, amevaa viatu vyeupe. Alipiga magoti kabisa kumwamkia Mama Ghati, shikamoo bibi, mpaka Mama akatazama pembeni asicheke. Mama Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo mimi nikawa mdomo wake tangu siku ile. Akauliza msichana anasomea nini. Neema akasema anasomea jamii. "Jamii inasomewa?" Mama akauliza. Neema akaeleza kwamba yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, kwamba wale wanaofanya vizuri wanapewa kufanya utafiti wao wenyewe chini ya msimamizi, na kitabu kitakachotoka ndicho kitaamua shahada yake itakuwa ya namna gani. Yeye alikuwa amechagua nyumba ntobhu. Mama alinisikiliza nikitafsiri mpaka mwisho, akatafuna kidogo midomo yake. "Kwa hiyo sisi ndio mtihani wake." Nikamfikishia. "Ndiyo, bibi," Neema akajibu. "Mwambie asifeli basi, tutaaibika wote."

Alilala kwangu, kwenye nyumba yenye mlango wa buluu. Huo mlango lazima niuseme vizuri. Ulikuwa wa chuma, na juu yake palikuwa na namba kumi na nne kwa rangi nyeupe. Mama Ghati aliununua Kerende, kwenye machimbo, kwa watu waliokuwa wanauza vitu vya kambi iliyovunjwa, akaubebesha punda wawili mpaka huku juu, siku nzima njiani. Ulikuwa mkubwa kuliko nafasi yake, ikabidi ukuta ubomolewe kuufuata. Kila uliposukumwa ulilia, sauti ndefu kama ndama anayeitwa. Watu wa mlimani walikuwa wanatuelekeza kwa huo: nenda mpaka uone kumi na nne. Neema aliupenda siku ileile. Aliuandika kwenye daftari lake kabla hajaandika jina la mtu yeyote. Nakumbuka nilijivuna.

Nikimkumbuka siku zile namkumbuka kwanza akila. Ugali wetu wa ulezi mweusi ulimtisha. Alikuwa anamega tonge la kumtosha kifaranga, analichovya kwenye maziwa ya mgando, analizungusha mdomoni huku anatabasamu. Mama Ghati alikuwa anamhesabia kwa sauti kwa Kikurya, moja, mbili, na akifika tonge la kumi anapiga makofi. Baada ya wiki tatu alikuwa anakula kama sisi, na mgagani mchungu akawa anaomba aongezwe. Mchana tulizunguka. Mimi mbele, yeye nyuma na redio yake ndogo ya kurekodia, na karatasi za maswali zimechapwa. Tuliingia nyumba kumi. Wajane waliooa na wake walioolewa, wote niliwatafsiri, na sitadanganya, nilifurahia. Mtu wa darasa la nne nimekaa katikati, bila mimi hakuna linaloendelea. Mambo niliyokuwa nasikia kisimani nusunusu, sasa naambiwa yote, tena wanasubiri nimalize. Bhoke, jirani yetu, mjane aliyeoa kama Mama, alinitania mbele ya Neema: "Zamani ulikuwa unatusengenya kwa Kikurya, sasa unatusengenya kwa Kiswahili. Umepanda cheo." Tulicheka. Bhoke alikuwa amesema ukweli, ila mimi nilisikia utani.

Siku moja tu sikuwepo. Ilikuwa siku ya gulio, nilishuka Nyamwaga kuuza ndizi. Niliporudi nikasukuma mlango nikawakuta Mama na Neema wamekaa kwenye ngozi ya ng'ombe, redio katikati yao, wamenyamaza kama watoto walioiba sukari. "Mmeongeaje bila mimi?" nikauliza. "Kwa mikono," Mama akajibu. Tukacheka sote watatu, nikatua kapu, nikawapa maandazi, nikasahau.

Mwezi wa tisa mwishoni mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Nilikuwa nasaga ulezi kwenye jiwe, Neema ananipepetea, vibaya, unga wote unakwenda puani kwake. Mama Ghati alikuwa zizini. Neema akasema amebakiza nyumba moja tu ambayo hajaiuliza maswali, na ni hii. Nikamwambia aulize. Akawasha redio, taa yake nyekundu ikawaka, akaanza na maswali yale yale ambayo nilikuwa nimeyatafsiri mara kumi mpaka nayajua kwa moyo. Lilipofika swali la baba wa mtoto, mimi ndiye niliyekuwa nawacheka wengine wakiyumbayumba hapo. Nikafungua mdomo niseme mtoto ni wa ng'ombe. Badala yake nikasema si wa Wambura.

Mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Nafikiri ni kwa sababu ya kuulizwa kwa upole na mtu ambaye angeondoka. Miaka minane nilikuwa nimebeba jambo lile peke yangu, hata kwa mama aliyenizaa sikulisema. Nikamwambia kwamba kabla ya Mwita, Mama Ghati alikuwa ananituma Kerende kuwauzia wachimbaji ndizi za kuchoma, na huko kulikuwa na kijana, Nyamhanga, aliyekuwa anapanda juu kutoka shimoni mwili mzima kijivu, ananunua ndizi ya kwanza na kukaa hapohapo kuila mpaka ya mwisho iuzwe. Tatizo halikuwa uchimbaji wake. Tatizo ni kwamba alikuwa wa ukoo wa upande wa pili wa kijito, ukoo tuliokuwa tunapigana nao kwa ng'ombe na kwa mipaka, na mwaka ule wa Neema mishale ilikuwa imeshapigwa mara mbili. Mtoto wa mwanaume yeyote wa kwetu angekuwa wa ng'ombe bila maneno. Mtoto wa damu ile, ikijulikana, Matiko angepata alichokuwa anakitafuta. Nyamhanga alikwenda machimbo mengine kabla Mwita hajaota meno, sijui kama yu hai. Niliyasema haya yote huku nasaga, sikuinua kichwa. Nilipoinua nikaona taa nyekundu bado inawaka. Neema akayafuata macho yangu, akaizima redio. "Hii haitatoka, dada Robhi," akasema. "Hii ni yangu na yako." Akaondoka wiki ile. Mama Ghati alimpa kibuyu cha maziwa, akakipakata njia nzima.

Alirudi mwezi wa kwanza, siku kumi tu, na rundo la karatasi zilizochapwa. Zilikuwa zimechorwa pembeni kwa kalamu nyekundu, kurasa nyingine nyekundu kuliko nyeusi. Zilikuwa za Kiingereza. Nikamuuliza kama amekosea. "Dokta Kasubi anasema niongeze," akajibu. Dokta Kasubi ndiye alikuwa msimamizi wake. Sijawahi kumwona kwa macho, ila sauti yake naijua. Simu mlimani kwetu zilikuwa zinashika sehemu moja tu, juu ya mwamba ulio nyuma ya zizi, na Neema alikuwa hapendi kupanda peke yake. Nilikaa chini ya miguu yake nikifuma kikapu. Simu yake ilikuwa ya kelele, mtu wa upande wa pili unamsikia kama yuko kwenye ndoo.

Neema alikuwa anamweleza kwamba sura ya nne imetosha, ana nyumba kumi. Yule akasema, "Nyumba kumi wanakwambia kitu kilekile. Mtoto ni wa ng'ombe, mtoto ni wa ng'ombe. Hata mimi niliyekaa hapa najua. Ile nyumba ya kumi na moja uliyonidokeza iko wapi?" "Dokta, yule nilimwahidi," Neema akasema. "Neema. Ulikwenda huko kufanya utafiti au kutafuta undugu?" Neema akahamishia simu sikio la pili. "Badilisha jina. Weka herufi. Ndivyo tunavyofanya sote. Na ueleze mazingira, msomaji aione nyumba, amwone mke. Bila yule mke kazi yako ni habari za ng'ombe tu." Neema akasema ndiyo Dokta, ndiyo Dokta, asante Dokta. Akakaa kwenye mwamba, miguu inaning'inia. Huyo ndiye Kasubi. Nasikia amestaafu na alifanyiwa sherehe.

Sasa nitaje na langu, maana nimeahidi majina. Tukishuka mwambani Neema alisimama akanieleza kila kitu, hakunificha. Akasema bila sehemu ile shahada yake itakuwa ya chini, na wenye shahada ya chini hawaitwi kubaki chuoni kufundisha. Akasema jina langu halitakuwepo, la kijiji halitakuwepo, nitakuwa herufi. "Herufi gani?" nikauliza. "K." Nikawaza watu wote wa mlimani. Kwetu hakuna aliyekuwa anaitwa kwa K, si mke wala mjane. Niliona kama kuingia kwenye chumba kisicho na dirisha. Na kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza, cha kukaa mbali huko, kwenye kabati la watu wenye miwani. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa mdomo wangu huu, kikapu kiko mkononi.

Kosa la Neema lilikuwa mlango. Jina alilificha, kijiji alikificha, hata mto aliubadilisha. Mlango hakuuficha, kwa sababu kwake haukuwa mtu. Alikuwa hajui kwamba huku juu mlango ule ndio jina letu.

Mwezi wa saba, mwaka ukiwa umetimia, kitabu kikaja. Hakuna aliyekiiba. Kililetwa kwa heshima. Chuoni wanafundishwa kwamba mtafiti arudishe matokeo kwa wananchi, asichukue tu na kuondoka, na Neema alitii: alituma nakala moja kwa mtendaji, ina jalada jeusi gumu na maandishi ya dhahabu. Alikuwa amepata shahada ya daraja la kwanza. Nyaisa alifurahi kama yeye ndiye aliyefaulu. Kijiji chetu kimeandikwa kitabu, akatangaza, kwa hiyo siku ya mkutano kitasomwa. Alimwita mwalimu Sabai wa shule ya msingi atafsiri, yeye na kiti chake barazani, sisi tumekaa chini kwenye nyasi. Nilivaa kitenge kipya.

Mwanzoni ilikuwa kama arusi. Mwalimu anasoma Mjane D, watu wanatafuta ni nani. "Anasema mke wake anampa maziwa yaliyochanganywa maji." "Bhoke huyo." "Mimi?" anasema Bhoke, "hayo maji ninayaweka mwenyewe." Kicheko. Mzee mmoja akalalamika kwamba yeye amerukwa, hayumo, na alijibu maswali siku nzima bila kula. Mama Ghati alikuwa ananigusa nimfasirie alichotafsiri mwalimu, na mimi nacheka na wenzangu. Kisha mwalimu Sabai akafunua ukurasa, akasoma kimya kidogo, akasema: Mke K, miaka ishirini na mitano, anakaa katika nyumba yenye mlango wa chuma wa buluu, ulioandikwa namba kumi na nne kwa rangi nyeupe.

Vichwa viligeuka vyote. Hakuna aliyetafuta. Mwalimu Sabai alikuwa amekula kwetu mara nyingi, alikuwa anaujua ule mlango, angeweza kufunga kitabu na kusema macho yamechoka. Hakufunga. Nafikiri mtu aliyeanza kusoma mbele ya watu ni kama mtu aliyepanda baiskeli kwenye mteremko. Akaendelea, sauti inapungua, mpaka kwenye machimbo, mpaka kwenye ndizi, mpaka kwenye upande wa pili wa kijito. Matiko alikuwa amekaa mstari wa mbele na fimbo magotini. "Rudia hapo, mwalimu," akasema. Kwa upole kabisa. Mwalimu akarudia. "Kwa hiyo," Matiko akasema, "tumekuwa tunamfugia adui ndama wake."

Mama Ghati hakunitazama. Hakuniuliza pia tafsiri, na hapo nikajua ameelewa. Akainuka taratibu, mkono kiunoni, akasema kwa Kikurya: "Ng'ombe wangu walitoka zizini mchana, mkiwaona. Aliyeona hata mmoja akikataa kwenda aseme." Hakuna aliyesema. "Basi. Robhi, twende, ng'ombe hawajanyweshwa." Tukaondoka katikati yao. Alitembea mbele, sikuona uso wake njia nzima.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi. Siku ya tatu asubuhi, kisimani, Chacha mtoto wa Matiko na wenzake wawili walinipiga kwa fimbo za kuchungia. Wenzake siwataji, mmoja amekufa, mwingine alikuja akaomba msamaha, nikampa. Chacha hajaomba. Mkono wangu wa kushoto haunyooki tangu siku hiyo, na daftari hili nalishikilia kwa kiwiko. Wazee wa mila walikaa, wakasema mtoto hatatahiriwa na rika la kwetu. Kwetu asiyetahiriwa na rika lake si mtu wa mji, na asiye mtu wa mji halimi shamba. Mpaka hapo Matiko hakuhitaji tena fimbo. Kabla ya mvua alikuwa amelima bondeni mpaka kwenye mpaka wa migomba, na mpaka leo analima. Mama Ghati alimchukua Mwita mwenyewe, akamvusha mto Mara, akampeleka Kenyamonta kwa Ghati. Mtoto alikuwa amebeba kuku wake kwapani, ananiuliza atarudi Jumapili gani. Neema alinitumia barua mbili na simu kwa mtendaji. Sikupokea.

Nilitaka kuupaka tope ule mlango. Nilikuwa nimeshapaka nusu kwa mkono mmoja Mama Ghati aliponikuta. Alichukua kitambaa akaufuta, kumi na nne ikarudi. "Mlango haujakosa," akasema. Ndilo neno pekee alilosema juu ya jambo lile. Miaka ishirini tulikula chungu kimoja, tukalima pamoja kilichobaki, nikamwogesha alipoanguka akaumia mgongo, na hakuuliza kamwe, na mimi sikusema kamwe. Kila siku niliona amenisamehe, na kila siku niliona hajanisamehe. Nilikuwa nawaza: nilimdanganya mwanamke huyu katika kitu kimoja alichonilipia ng'ombe, akakisikia mbele ya kijiji kizima kutoka mdomo wa mwalimu. Kimya chake nilikibeba kama kuni mbichi. Alipokufa Mwita alikuja na mke na watoto, mrefu, amenenepa kwa maziwa ya Kenyamonta. Walipouliza nani atatupa udongo wa kwanza, Mwita akachukua jembe akatupa. Matiko alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha kukunja, mzee sasa. Alitazama tu mikono ya Mwita.

Ndipo likaja gari jeupe. Neema sasa ni Dokta mwenyewe, anasimamia watoto wengine. Alimaliza uji, akasema ameota jambo hili miaka mingi. Nikamwambia mimi sikulala vizuri kiasi cha kuota. Akakubali. Akafungua mfuko: ile redio ndogo, na kanda moja. Akasema ni sauti ya bibi, ya ile siku ya gulio, na ilikuwa haki yangu. Tukaingia ndani, mimi, yeye na Mwita, akabonyeza.

Kwanza kuku, na upepo. Kisha Mama Ghati, mzima, meno yote bado yapo, anasema Kiswahili chake. Neema anamuuliza kuhusu watoto wa nyumba. Mama anasema, "Mtoto yangu Mwita? Ile si ya Wambura. Mimi nina macho. Masikio yake ya watu ya kule, ng'ambo ya kijito. Tangu siku ya kuzaliwa mimi naona." Neema wa kwenye kanda anauliza kama Robhi anajua kwamba bibi anajua. "Hapana. Wewe usimwambie. Ataogopa, atakimbia na mtoto. Mtoto ni yangu. Masikio ni ya kazi gani? Ni ya kusikia."

Mwita alijigusa sikio, akashusha mkono haraka kama ameonekana. Mimi nilimtazama Neema. "Hii haimo kwenye kitabu," nikasema. "Haimo. Bibi aliniomba, nikamtunzia." "Na Kasubi?" "Sikumwambia." "Kwa hiyo ulikuwa unaweza." Akavua miwani. "Na mimi?" nikamuuliza. Akaifuta kwa upindo wa nguo, akasema kwa sauti ndogo, "Wewe ulikubali, dada Robhi."

Ni kweli. Nilikubali. Lakini nilimwambia yeye kwa sababu nilikuwa nimelibeba peke yangu, na kumbe sikuwa peke yangu. Tulikuwa wawili kwenye jiko moja, kila mtu anamficha mwenzake kitu kilekile, na aliyejua pande zote mbili alikuwa mgeni mwenye viatu vyeupe. Angenidokeza neno moja, msituni, kisimani, popote, nisingehitaji redio yake. Mama Ghati alikuwa hana cha kunisamehe. Alinyamaza kwa sababu kwake hakukuwa na habari mpya.

Neema alikuwa na karatasi ya kuweka sahihi, kanda ikahifadhiwe chuoni. Nikamwambia kanda inabaki hapa pamoja na redio. Kama anataka kuandika tena aandike, lakini aandike Robhi, aandike Matiko, aandike Kasubi, na aandike Neema. Akasema atajaribu. Nikampa maziwa kwenye kibuyu, kwa sababu Mama angempa, na gari likashuka.

Jioni ile Mwita aliomba tuisikilize mpaka mwisho, maana Neema alikuwa ameizima kabla. Baada ya masikio Mama anaongea kidogo juu ya mvua. Kisha mlango unalia, ule mlio wake mrefu, na inaingia sauti ya msichana nisiyemjua, nyepesi, imejaa jua la Nyamwaga. "Mmeongeaje bila mimi?" anauliza. "Kwa mikono," Mama anajibu. Wanacheka watu watatu, na kanda inaishia hapo.